Binti wa mbuzi na somo la Kemia: uchambuzi wa kisa kimoja Chamwino

Kisa hiki ni cha binti wa wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, aliyemaliza kidato cha nne kwa pointi 23, Divisheni ya Tatu, akiwa na shabaha moja: kusomea afya ya mifugo. Sitamtaja jina wala shule yake. Yaliyompata yanawapata wengi, na shule yake haikufanya jambo ambalo shule nyingine hazifanyi. Mimi ni afisa mifugo, na nilimfahamu kwenye boma la mbuzi la bibi yake kabla sijamfahamu kama mwanafunzi. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali hasa ambapo vijana wetu wa Kanda ya Kati wanapoteza nafasi za kazi za kilimo, mifugo na maliasili. Wanazipoteza wakitoka kidato cha pili kuingia cha tatu, wakiwa na miaka kumi na mitano hivi, bila mtu kuwaambia kwamba wanachagua kazi.

Matokeo yake yalikuwa haya: Kiswahili B, Baiolojia, Jiografia, Historia na Uraia C, Kiingereza D, Hisabati F. Masomo saba basi. Fizikia na Kemia hakufanya.

Matokeo yalipotoka Januari, alikwenda mjini na mjomba wake kwenye steshenari inayojaza maombi ya vyuo. Kijana wa steshenari akafungua mwongozo wa udahili, akautazama, akawaambia kozi ya afya ya mifugo na uzalishaji inataka ufaulu wa Baiolojia na Kemia. Wakarudi nyumbani bila kujaza chochote. Jioni mjomba akanipigia simu: "Bwana mifugo, huyu mtoto anajua mbuzi kuliko mimi niliyezeeka nao. Leo tumeambiwa hafai. Inakuwaje?"

Alikuwa ameuliza swali la haki, na jibu lake ndilo kisa chenyewe.

Alichokuwa nacho tayari

Nianze na daftari. Binti huyu alikuwa na daftari la kawaida la kurasa mia, lililopigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza jina la mbuzi, maana kila jike lilikuwa na jina. Ya pili siku aliyopandwa kama ilijulikana, ya tatu siku aliyozaa na idadi ya watoto, ya nne dawa aliyopewa, ya mwisho imeandikwa "amekufa kwa nini". Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo kutokana na safu ya pili aliweza kumwambia bibi yake ni wiki gani jike fulani asipelekwe mbali machungani. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo shuleni. Alianza kwa sababu walikuwa wakibishana na kaka yake juu ya jike gani huzaa mapacha.

Safu ya mwisho ndiyo iliyonivutia. Vifo vya watoto wa mbuzi vilijazana Februari na Machi, katikati ya masika yetu. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "jicho jeupe". Nilipomuuliza, akamkamata mbuzi mmoja, akambana katikati ya magoti, akavuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na wekundu uliofifia, karibu na weupe wa karatasi. Akamshika mwingine, akanionyesha wekundu wa kawaida. Kisha akapapasa chini ya taya la yule wa kwanza, akaniwekea mkono wangu pale nisikie uvimbe laini kama wa maji. "Huyu hafiki mwisho wa mwezi asipopewa dawa ya minyoo," akasema. Bibi yake ndiye aliyemwonyesha jicho. Mambo ya taya aliyaona mwenyewe.

Alichokuwa akisoma pale ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo wanaonyonya damu kwenye tumbo la nne la mbuzi. Wataalamu wa mifugo duniani hutumia rangi ya kope hiyohiyo, wakiwa na kadi ya rangi mkononi, kuamua mbuzi gani apewe dawa na yupi aachwe, ili minyoo wasizoee dawa. Mwaka uliofuata alianza kuwatoa watoto wa mbuzi baada ya umande kukauka, kwa kuwa aliona wanaotoka alfajiri ndio wanaougua. Hilo nalo lina maelezo yake: viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya majani yakiwa na unyevu, na mbuzi akila wakati huo anavila pamoja na majani. Vifo vikapungua kwenye daftari lake. Ukiniuliza kama huyu ni mwanafunzi wa sayansi, nitakwambia amefanya uchunguzi, ameandika, amebadilisha jambo moja na amepima tena. Vyuo vinafundisha kitu hichohicho.

Lakini kujua hakumruhusu kufanya kazi hiyo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma za tiba ya mifugo awe amesajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Veterinari, na huandikishwi bila mafunzo yanayotambulika. Sheria hiyo ni nzuri. Nimeona ng'ombe wengi waliouawa na sindano za watu wa mnadani. Ila maana yake kwa kijana mwenye kipaji ni kwamba lazima apite mlango wa chuo, na mlango wa chuo una masomo yake.

Kemia ilivyoachwa

Kwa mtaala aliosoma yeye, mwanafunzi akimaliza mtihani wa kidato cha pili huendelea na masomo saba ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia ni za hiari. Shuleni kwake uchaguzi ulifanyika siku ya kwanza ya kidato cha tatu. Mwalimu wa taaluma aliingia na karatasi ya alama za mtihani wa kidato cha pili, akasoma majina ya waliopata alama nzuri katika Fizikia na Kemia, wakahamia darasa jingine. Waliobaki wakawa mchepuo wa sanaa. Yeye alikuwa na 29 katika Kemia. Aliyekuwa akiifundisha alikuwa mwalimu wa kujitolea ambaye aliondoka katikati ya mwaka, na kwa muhula mzima kipindi cha Kemia kilikuwa kipindi cha kunakili kitabu ubaoni.

Hakulia wala hakubisha. Alifurahi kuondokana na somo lililokuwa likimtia unyonge, na rafiki zake wengi walikuwa upande wa sanaa. Nyumbani hawakuulizwa. Mama yake alijua mwaka mmoja baadaye, na hata alipojua hakuona kilichoharibika, kwa maana "sayansi ni ya wanaotaka kuwa madaktari wa watu".

Hapo ndipo kosa lilipo, na ninalisema kwa uzito wote. Katika vijiji vyetu kilimo na ufugaji havihesabiwi kuwa sayansi. Vinahesabiwa kuwa kazi ya aliyekosa pa kwenda. Mtoto anayeonekana hafai kwa Kemia huambiwa "huyu atarudi kulima", ilhali kulima kwa taaluma ndiko kunakoitaka Kemia hiyo aliyonyang'anywa. Shule nyingi zina shamba, urithi wa Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, lakini mwanafunzi hulifahamu shamba hilo kwa jembe la adhabu. Wachelewaji ndio wanaopalilia mtama. Haandiki mvua ilinyesha milimita ngapi, mbegu ipi ilipandwa lini, tuta lipi lilitoa zaidi. Shamba la shule lingekuwa maabara isiyohitaji umeme, ila limegeuzwa kuwa fimbo.

Hesabu ambayo hakuonyeshwa

Nilipozungumza na mkuu wa shule, hakukwepa. Alinieleza kwamba somo lenye F nyingi linashusha wastani wa shule, na wastani ndio wanaoulizwa kwenye vikao vya wilaya. Mwenye 29 anaonekana mzigo. Nilimwelewa. Ana walimu wachache, na anapimwa kwa karatasi.

Lakini tukae tupige hesabu ya mtoto badala ya hesabu ya shule. Divisheni ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Binti huyu alikuwa na masomo saba tu, kwa hiyo F ya Hisabati iliingia kwenye hesabu ikitaka isitake: 2, halafu C nne ni 12, D ni 4, F ni 5, jumla 23. Kama Kemia ingekuwa somo lake la nane na angepata F, pointi zake zingebaki 23 vilevile, maana F moja ingeachwa nje. Kama angepata D, ingeisukuma Hisabati nje na angekuwa na 22. Yaani Kemia isingeweza kumdhuru kwa namna yoyote. Ingemsaidia au ingekaa kimya.

Na D ni alama 30. Alikuwa na 29 kidato cha pili, bila mwalimu.

Nilipomchorea hesabu hii kwenye mchanga mbele ya boma, mjomba wake alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyewaambia. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kemia ndani ya boma

Kuna watu wataona kwamba vyuo vinadai Kemia kwa urasimu tu. Mimi ninayefanya kazi hii nasema hapana, na mifano iko karibu.

Chukua dawa ya kuogeshea. Lebo ikisema sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 500 za maji, bomba la lita 20 linataka mililita 40. Mfugaji anayebana matumizi anaweka kifuniko kimoja, anaona maji yamebadilika rangi, anapuliza. Kupe dhaifu wanakufa, wenye uwezo wa kuvumilia wanabaki na kuzaa, na baada ya misimu michache boma lina kupe wasiosikia dawa na ndama wanakufa kwa ndigana kali. Mtu anayeelewa uwiano wa mchanganyiko, na kinachotokea kwa dawa iliyokaa juani au iliyochanganywa na maji machafu, anaweza kumweleza mfugaji akaelewa. Asiyeelewa anaweza tu kumwamuru.

Chukua mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki, kwa chakula walichokihifadhi wenyewe. Kuvu huota kwenye nafaka iliyovunwa na kukaushwa vibaya au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, na sumu yake hushambulia ini. Haiondoki kwa kupika. Kuzuia kwake ni kukausha juu ya turubai mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi, kuchambua punje zilizooza na kuhifadhi vizuri. Afisa ugani asiyejua sumu hiyo ni kitu gani atawezaje kumshawishi mama aliyezoea kuanika mahindi chini kwa miaka thelathini?

Chukua zabibu zetu, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Mnunuzi wa kiwanda hupima sukari ya tunda kabla ya kukubaliana bei. Mkulima ambaye hajui kinachopimwa anasubiri kuambiwa.

Vituo vilivyo jirani ambavyo hakuwahi kuviona

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba binti huyu alimaliza shule bila kukanyaga taasisi hata moja ya fani aliyoitaka, wakati anaishi katikati yake. Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, kuna kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoshughulika na zabibu. Hombolo kuna kituo kingine cha utafiti wa kilimo. Mpwapwa kuna taasisi ya utafiti wa mifugo yenye historia ya tangu enzi za Wajerumani. Huko ndiko alikozalishwa ng'ombe wa Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wetu wa asili na damu ya Sahiwal, Red Sindhi, Boran na Ayrshire, apate kutoa maziwa zaidi na bado avumilie ukame. Mpwapwa hiyohiyo kuna kampasi ya LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Na Chinangali, ndani ya wilaya yake mwenyewe, kuna mashamba makubwa ya zabibu ya umwagiliaji, na mpango wa serikali wa kilimo cha vijana, BBT (Jenga Kesho Iliyo Bora), uliozinduliwa Machi 2023 ulichukua ardhi huko kwa ajili yao.

Nikiwa na uwezo, kila mwanafunzi wa kidato cha pili wa mkoa huu angepelekwa sehemu mbili zaidi. Moja ni Kongwa, ambako kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga fedha nyingi katika mpango wa karanga na kuufuta mwaka 1951. Matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni kusoma mvua na udongo kabla ya kuanza: ardhi ile ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, karanga hazitoki. Sehemu ya eneo hilo leo ni ranchi ya ng'ombe, matumizi ambayo mfugaji yeyote wa hapa angewashauri tangu mwanzo. Ya pili ni Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka ili majani yarudi. Yalirudi. Ila familia zilizoishi kwa mifugo zilibeba gharama, na mwanafunzi anayetaka kufanya kazi ya maliasili anatakiwa kuyafahamu yote mawili. Siku hizi vijiji vingi vya mkoa vinatumia kisiki hai, kuchagua machipukizi ya kisiki na kuyalinda yawe mti, pamoja na makinga maji. Njia hizo hazimwondoi mtu na mifugo yake. Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kazi zote za ardhi huku zinaanzia kwenye takwimu hiyo.

Kwa wanaopenda misitu, nyuki au wanyamapori badala ya mifugo, nitasema kwa kifupi kwamba vyuo vipo pia: Olmotonyi kwa misitu, Tabora kwa ufugaji nyuki, Mweka na Pasiansi kwa wanyamapori. Kijana wa Manyoni au Itigi aliyekulia kwenye mizinga anayo sababu kubwa ya kuufungua mwongozo wa udahili akiwa kidato cha pili, aone Baiolojia, Kemia na Jiografia zinavyojirudia ukurasa baada ya ukurasa. Anayelenga shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo apitie kidato cha tano kwenye tahasusi kama CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), CBA (Kemia, Baiolojia na Kilimo) au PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na hakuna hata moja kati ya hizo inayopatikana bila Kemia.

Njia zilizokuwa mbele yake

Tulikaa kikao: yeye, mama, mjomba, bibi na mimi. Baba yake alikuja baadaye.

Njia ya kwanza ilikuwa kurisiti. Ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, afanye Kemia na kurudia Hisabati Novemba, kisha aombe chuo cha mifugo mwaka unaofuata. Gharama yake ni mwaka mmoja, ada ya mtihani, tuisheni na nauli. Hatari yake ni kwamba Kemia ingeweza kumshinda.

Njia ya pili ilikuja na kishawishi kikubwa. Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotangazwa, alikuwa amepangiwa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, kwa hiyo baba yake, mtu mpole na mwenye hoja, alisema: "Serikali imempa nafasi, ada hakuna. Nani anaacha ugali uliopakuliwa akasubiri ulioko jikoni?" Nilimheshimu kwa hoja hiyo. Kwa HGK angeweza baadaye kusoma mipango, maendeleo ya jamii au mazingira, kwa mfano katika Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini hapa Dodoma, na hizo ni kazi zenye maana vijijini. Niliwaeleza bila kuficha kitu. Lakini mlango wa tiba ya mifugo ungefungwa, na kuufungua akiwa na miaka ishirini na miwili ni vigumu kuliko kuufungua akiwa na kumi na nane.

Njia ya tatu, kubaki nyumbani na kufuga, aliitaja bibi. Hakuna aliyeibeza. Ila binti mwenyewe alisema anataka kubaki na mbuzi akiwa na cheti, asiishie kuwaogopa watu wanaokuja na sindano.

Sikumchagulia. Kwa kijana mwingine, asiye na daftari lile, ningemshauri aende HGK bila kusita, kwa maana kuacha nafasi iliyopatikana kwa ajili ya ndoto isiyo na ushahidi ni kumdanganya mtoto. Huyu alikuwa na ushahidi wa misimu mitatu ulioandikwa kwa mkono wake. Baba yake aliposomewa safu ya vifo, mwaka hadi mwaka, ndipo alipolegea. Wakauza mabeberu wawili.

Mwaka wa kurisiti

Alisajiliwa mapema mwaka ule, kabla hata ya majina ya kidato cha tano, kwa kuwa nilimsihi asisubiri. Nashauri hivyo kwa kila mtu: usajili una dirisha lake, na ukishafungwa umepoteza mwaka mwingine.

Tuisheni ilikuwa mjini, kwa mwalimu anayefundisha shule yenye maabara na aliyeruhusiwa kuwapa watahiniwa wake wa nje vifaa watumie siku za Jumamosi. Kizuizi chake kikubwa kilikuwa Kiingereza. Alifahamu kuchanganya dawa kwa uwiano, lakini swali lilelile likiandikwa kwa Kiingereza lilimpita kushoto. Mwalimu akambadilishia utaratibu: aeleze kwanza kwa Kiswahili kinachotokea, kisha aandike jibu kwa Kiingereza, sentensi fupi. Siku ya kwanza kutonesha asidi kwenye chupa mpaka rangi igeuke kwa tone moja, aliniambia alielewa kwa nini ninasisitiza mililita 40 na sikubali "kifuniko kimoja na kidogo".

Siku za wiki hakukaa bure. Halmashauri huwapa mafunzo wachanjaji wa kuku wa kijiji, na alipata nafasi. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, ile inayovumilia joto kuliko za zamani, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kuku wa kienyeji wa nyumba kumi wakichanjwa siku moja chupa haipotei. Alikuwa anapanga nyumba kwa daftari, anakumbusha tarehe, anakusanya hela kidogo kwa kuku. Hela hiyo ndiyo iliyolipa nauli ya Jumamosi kuanzia Agosti. Wazee waliokuwa wakimwita "mtoto wa fulani" wakaanza kumwamkia kwa kazi yake.

Matokeo yalitoka: Kemia D. Hisabati ilibaki F. Alama hiyo moja ilitosha. Aliambatisha matokeo ya mitihani yote miwili, akaomba, akapata. Sasa yuko mwaka wa pili wa mafunzo. Astashahada ni miaka miwili, na akiongeza wa tatu anapata stashahada, na kutoka hapo njia ya shahada iko wazi kwa atakayefanya vizuri.

Alipoteza mwaka mmoja na mabeberu wawili kwa somo alilonyimwa ili kulinda wastani ambao, kwake yeye, haukuwa unatishiwa na kitu.

Yaliyobadilika shuleni

Mkuu wa shule alichukua hatua bila kusukumwa. Sasa wazazi wa kidato cha pili wanaitwa kabla ya mtihani wao wa mwisho wa mwaka, na hesabu ya somo la nane inapigwa ubaoni mbele yao. Mwanafunzi akisema anataka kilimo, mifugo, misitu, nyuki, maji au afya, Kemia haondolewi hata kama ana 20. Nilialikwa kikao cha kwanza. Nilikwenda na bomba la kuogeshea, chupa ya dawa na mwongozo wa udahili, na niliwaomba wazazi wanisomee lebo. Mdogo wake binti huyu yuko kidato cha tatu, na Kemia ni somo lake la nane.

Agosti wanafunzi wa kidato cha pili walipelekwa viwanja vya Nanenane, Nzuguni. Mwaka uliopita walikwenda kutazama ng'ombe wakubwa na kurudi na vipeperushi. Safari hii kila mmoja alipewa kazi ya kumuuliza mtaalamu kwenye banda maswali matatu: unafanya nini siku ya kawaida, ulisoma masomo gani kidato cha nne, na ulisoma wapi baada ya hapo. Majibu yalibandikwa ukutani darasani. Wengi walishtuka kuona maabara ya udongo na kituo cha mbegu zikiwa na vijana wadogo, na karibu wote wametaja Kemia.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024 unaweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na kilimo kimo katika amali. Ni hatua kubwa, na wazazi wauliziane mapema: mkondo gani unampeleka mtoto chuo gani, na masomo gani lazima yabaki kwenye orodha yake. Mikondo ikichaguliwa kwa kusoma majina kutoka kwenye karatasi ya alama, kisa kitakuwa kilekile kwa jina jipya.

Shamba la shule bado linapaliliwa na wachelewaji, ingawa mwalimu wa Jiografia ameweka kipima mvua na wanafunzi wanaandika kila asubuhi. Mwalimu wa kudumu wa Kemia hajapatikana. Kwa sasa anakuja wa shule ya jirani Jumamosi, wazazi wanachanga nauli yake ya bodaboda, na mvua zikikata barabara ya korongoni haji.